Nguzo Ikitaka Kukaa

Kila unapokaribia mwezi wa Machi washairi wa visiwani huingiwa na ukarimu. Mashairi humiminika, mizani imetimia, vina vimelala pahala pake, na katika rundo hilo neno moja halikosekani: nguzo. Mwanamke nguzo ya nyumba. Mama nguzo ya taifa. Mke mwema nguzo ya mumewe. Nimeyasoma mashairi hayo kwa miaka mingi, nikayaghani, na nisijifiche nyuma ya wengine, nikayatunga. Shairi langu la mwaka 2004, lenye beti kumi na mbili na kibwagizo kinachoirejea nguzo hiyo mara kumi na mbili, lilighaniwa katika hafla moja mbele ya waheshimiwa. Mabibi waliokuwa wakipakua pilau nyuma ya ukumbi waliitwa kwa dakika tano ili wasikilize namna wanavyosifiwa. Wakapiga vigelegele, kisha wakarudi kwenye masufuria. Ndugu msomaji, makala haya nayaandika dhidi ya shairi lile na dhidi ya wenzake wote.

Suala hili nimelifikia kwa njia ya tafsiri. Mimi si mtu wa chuo. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi isiyokuwa na jalada, na Kigiriki sikijui hata herufi. Niliagizwa kutia katika Kiswahili maelezo mafupi ya majengo ya kale ya Ugiriki, kazi ya kurasa chache tu, nikadhani nitaimaliza baina ya Magharibi na Isha. Nikakwama kwenye neno moja kwa muda wa mwezi.

Juu ya kilima cha Akropoli mjini Athens lipo hekalu liitwalo Erechtheion, lililojengwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 5 kabla ya Masihi. Upande wake wa kusini imetokeza baraza ndogo, na paa la baraza hiyo halikubebwa na nguzo tulizozizoea, bali na sanamu sita za wanawake, kila mmoja amesimama wima, nguo imemwangukia mpaka miguuni, na uzito wa marumaru umemkalia kichwani. Wazungu huziita sanamu za namna hii karyatidi, yaani wanawake wa Karyai. Msanifu wa Kirumi Vitruvius, aliyeandika katika zama za Kaisari Augusto, ndiye aliyetoa kisa cha jina hilo. Anasema mji wa Karyai ulishirikiana na Waajemi walipoivamia Ugiriki. Vita vilipokwisha Wagiriki waliuteketeza mji ule, wakawaua wanaume na kuwachukua wake zao utumwani, wala hawakuwaruhusu kuvua mavazi yao ya heshima, ili kila awaonaye ajue walikuwa wake za nani. Kisha wasanifu wakawachonga wakiwa wamebeba mizigo ya majengo, ili adhabu yao isisahaulike na vizazi vijavyo.

Wataalamu wa leo wanakitilia shaka kisa hiki, na wana haki. Huko Delphi, watu wa kisiwa cha Siphnos walijenga hazina yao yenye nguzo za wanawake yapata mwaka 525 kabla ya Masihi, na Waajemi wa Xerxes hawakuingia Ugiriki ila mwaka 480. Adhabu haiwezi kutangulia kosa. Lakini mimi kinanishughulisha kitu kingine. Mrumi yule alipomwona mwanamke aliyebandikwa nyumba kichwani, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa swali: amekosa nini huyu? Sisi tunapomwona huyo huyo tunampa hongera.

Tazama zaidi namna alivyochongwa. Pahala dhaifu pa sanamu kama hii ni shingo. Ndipo jiwe linapokuwa jembamba na ndipo lingekatika. Wachongaji wa Athens walikuwa mafundi kwelikweli: waliwasuka wale wanawake misuko minene, wakaiteremsha nyuma ya shingo mpaka mgongoni, na misuko ile ndiyo inayoipa shingo unene wa kuhimili paa. Ukimtazama kwa mbele utadhani ni pambo. Ukizunguka nyuma utajua kwamba hata uzuri wake umetiwa kazini. Uso nao hauonyeshi lolote. Hakuna kipaji kilichokunjamana, hakuna jasho, goti moja limelegea kidogo kama mtu anayengoja jirani amfungulie mlango.

Sasa mlinganishe na wanaume. Katika hekalu la Zeus huko Akragas, kisiwani Sicily, Wagiriki hao hao waliweka wanaume wabebaji wa mawe, majitu yenye urefu wa zaidi ya mita 7. Hao mikono wameinyanyua, viwiko wamevikunja, vichwa wameviinamisha, na misuli imewatutumka. Mwanamume akibeba, mchongaji humruhusu aonekane amebeba. Mwanamke akibeba sharti apendeze. Nilipoliona hilo nililitoa shairi langu la mwaka 2004 mtotoni mwa meza nikalisoma upya, na katika beti zote kumi na mbili sikukuta hata pahala pamoja ambapo nguzo yangu inapumua.

Atatokea mwenzangu aseme: hayo ni ya Wagiriki waabudu masanamu, sisi watu wa pwani hatuchongi sura ya binadamu, nguzo zetu ni za mawe na chokaa na boriti zetu ni za mikoko. Ni kweli. Kwa kuwa patasi tumekatazwa, tumetumia kalamu. Karyatidi wa pwani amechongwa kwa mizani kumi na sita, na huyo ni mgumu kumteremsha kuliko wa marumaru kwa sababu watu wamemhifadhi kwa moyo.

Malenga mmoja ninayemheshimu alinijibu kwa hoja nzito zaidi. Alisema nguzo ni neno tukufu kwetu, dini yenyewe imesimama juu ya nguzo tano, basi vipi iwe ni kumtweza mtu kumwita kwa neno hilo? Nilinyamaza siku ile, kwa adabu na kwa kukosa jawabu. Jawabu ninalo sasa. Nguzo za dini ni matendo: kushuhudia, kusali, kutoa, kufunga, kuhiji. Ni mambo ambayo mtu huyafanya, na akiumwa hupunguziwa, na akiwa safarini huruhusiwa. Hakuna mtu aliyefanywa nguzo. Sisi tumelichukua neno la tendo tukamvika binadamu, na ruhusa zake zote tukazisahau.

Lakini nisingekuwa mkali hivi kama nisingefika Mara. Mpwa wangu anasomesha skuli katika wilaya ya Serengeti, na mwezi wa Disemba mwaka 2018 nilikaa kwake Mugumu, nikapata pia kuvuka kuingia wilaya ya Tarime. Mimi mtu wa bahari niliona ajabu nchi ya vilima na ng'ombe, na baridi ya asubuhi iliyonifanya nilale na koti. Usiku mmoja wenyeji walitaka kumsikia mshairi wa Zanzibar. Nikawaghania shairi langu la nguzo, nikiamini kwamba sifa za mama zinafahamika kila pahala.

Alikuwapo bibi mmoja wa makamo, jirani wa mwenyeji wangu. Aliolewa akiwa msichana katika nyumba ntobhu, na kwa kuwa wasomaji wa visiwani huenda hawaijui ndoa hiyo, au wameijua kwa mzaha wa magazeti, itanibidi nisimame hapa kidogo.

Kwa Wakurya na baadhi ya jirani zao, mji wa mume mwenye wake kadhaa umegawika katika nyumba, na kila mke ana yake. Ng'ombe wanaolipwa mahari kwa ajili ya binti huingia katika nyumba ya mama yake, na ng'ombe hao ndio wanaomwolea mke kaka yake wa nyumba ile ile. Basi nyumba isiyokuwa na mtoto wa kiume ni nyumba iliyofika mwisho. Ng'ombe hawana wa kumwolea, na jina halina wa kulichukua. Mwanamke aliyefikwa na hali hiyo, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe yeye mwenyewe akaoa msichana. Hawalali kitanda kimoja kama mume na mke. Wanaolicheka jambo hili kwa fikra hiyo wanajicheka wenyewe. Msichana huzaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto huwa wa nyumba ya yule mama na hubeba jina la nyumba ile. Profesa Bart Rwezaura, mwanasheria wa Tanzania aliyeandika juu ya Wakurya katika miaka ya 1980, analitaja jina analoitwa mwanamke huyo mdogo: mokamona. Msomaji wa Unguja na Pemba hahitaji kamusi. Ni mkazamwana wetu, mke wa mwana. Tofauti ni kwamba mwana mwenyewe hakuzaliwa. Ameolewa na pengo, amewekwa pale ambapo mtoto wa kiume alipaswa kusimama, na nyumba nzima ikateremshwa kichwani mwake.

Sitaki nikashifu mila ya watu kwa usiku mmoja wa kusikiliza. Nyumba ntobhu imewaokoa wajane wengi wasirithiwe na mashemeji na wasifukuzwe katika viunga walivyovilima kwa mikono yao. Wapo pia wasichana waliosema kwamba waliichagua wakiwa macho wazi, kwa kuwa mama mkwe hapigi kama mume apigavyo. Hayo siyapingi. Ninachouliza ni kwa nini nyumba ilihitaji kuegemezwa kwa namna hiyo. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti katika daraja ya tatu na ya mwisho ya urithi, na ardhi ya ukoo wakaachiwa kuitumia tu, si kuiuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo wanawake hawa wawili hawamo ndani yake kabisa. Siku wakigombania ng'ombe au watoto, mkazamwana hana hata kifungu kinachomtaja kuwa ni mke. Mama mmoja na binti mmoja wamebeba paa ambalo ramani yake ilichorwa bila ya wao.

Nilipomaliza kughani, bibi yule hakupiga makofi. Aliniuliza kwa upole, kama anayetaka kujua bei ya kitu sokoni: "Mzee, hiyo nguzo ikitaka kukaa, inakaa wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, mpwa wangu akamimina chai. Nimeingia basi la Mwanza na swali hilo, nimevuka nalo bahari, na mpaka leo sijampelekea jawabu.

Mwezi ule wa Disemba ulikuwa pia msimu wa kukeketa. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai katika Tanzania tangu mwaka 1998. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Mara wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, 32 wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima ni 10. Wanaoitetea desturi hii hawasemi kwamba wanawachukia binti zao. Wanasema wanawafanya wanawake, wanawaweka tayari kwa mahari na kwa nyumba. Jiwe nalo halitiwi ukutani ila limechongwa kwanza.

Na wasichana hukimbia. Wapo wanaotoka usiku kwa miguu, peku, wakapita porini mpaka kituo cha Masanga wilayani Tarime, au mpaka nyumba iliyofunguliwa Mugumu katika mwaka 2014, ambako jina la Rhobi Samwelly limejulikana mno kwa kuwapokea. Vituo hivi watu wanaviita nyumba salama. Nililiandika jina hilo katika daftari langu chini ya nyumba ntobhu na chini ya baraza ya Athens, nikayatazama matatu pamoja. Katika nyumba mbili za mwanzo msichana ndiye anayeibeba nyumba. Katika ya tatu amefika na nyumba ikambeba. Sijaona shairi hata moja la Machi linaloisifu hiyo ya tatu. Msichana aliyetoroka nyumbani kwa baba yake hana kina kinachompokea katika bahari zetu. Tumezoea kumwita mkaidi, mtundu, asiyesikia la mkuu, na sote tunajua kinachomfika asiyesikia la mkuu.

Najua yatakayosemwa barazani Forodhani: hayo ni ya bara, kule kwa wachunga ng'ombe, sisi ni wastaarabu. Tafadhali, siku ya maji kutoka nenda Paje au Jambiani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Utawaona wakirudi kutoka kwenye vigingi vyao na gunia la mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yakiwachuruzikia machoni, shingo imekaza kabisa. Watalii huwapiga picha. Nasi tuna mashairi juu yao, nimeyasoma, juu ya mwendo wao wa madaha ufukweni. Mwendo wa madaha! Mtu mwenye gunia la maji kichwani hana mwendo mwingine, akiyumba ataanguka.

Nimetafuta katika sanaa za huku kwetu Afrika sura nyingine ya kubeba. Waluba wa Katanga walichonga viti vya wafalme ambavyo mwanamke huvishikilia kwa kichwa na ncha za vidole, macho ameyafumba nusu, na vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya. Ni kazi ya kukushika pumzi, lakini juu yake alikaa mfalme. Kilichonifariji ni mpingo wa Wamakonde. Roberto Yakobo Sangwani, aliyekuja Tanganyika kutoka Msumbiji katika miaka ya 1950, alianzisha kinyago cha watu waliopandana, dimoongo, ambacho baadaye kikaitwa ujamaa. Kisa chake cha mwanzo ni mshindi wa mieleka aliyenyanyuliwa na wenzake. Waliobeba wanaonekana wamebeba, nyuso zao zinasema, na kila mmoja amemkanyaga mwenziwe na amekanyagwa. Na aliye juu amepandishwa kwa furaha ya siku moja. Kesho mieleka itapigwa tena.

Turudi Athens, maana kisa cha wale sita hakijaisha. Mwanzoni mwa karne ya 19 mawakala wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, walimng'oa mmoja wao wakamsafirisha London, na mpaka leo yuko British Museum. Waathene walisimulia kwamba usiku ndugu zake watano walisikika wakimlilia. Pahala pake palijengwa nguzo ya matofali. Nataka washairi wenzangu waitafakari nguzo hiyo ya matofali. Ilikuwa mbaya kwa sura, lakini paa halikuanguka. Kumbe kazi ile yote, ya miaka zaidi ya elfu mbili, ingeweza kufanywa na matofali.

Waliobaki waliliwa nyuso na moshi wa mji, na mwaka 1979 Wagiriki wakaona haya. Waliwateremsha watano wakawatia ndani, wakaweka nakala pale juu. Tangu mwaka 2009 wamo katika Makumbusho mapya ya Akropoli, wamesimama ukumbini, na mgeni anaweza kuwazunguka na kuiona ile misuko ya nywele kwa karibu. Vichwani mwao hakuna kitu. Pahala pa ndugu yao wa sita pameachwa wazi.

Neno nililokwama nalo nimelipata, na nimelipata kwa wajenzi wenyewe. Katika maandishi ya hesabu za ujenzi wa hekalu lile, yaliyochongwa kwenye jiwe na kusalia mpaka leo, sanamu zile haziitwi karyatidi. Zimeitwa korai, na walionifasiria wanasema maana yake ni wasichana, wanawali. Fundi aliyewachonga, aliyelipwa ujira wa kuwasimamisha pale, hakuwaita nguzo; alijua nguzo ni kazi aliyowapa na wao ni watu wengine. Nasi tunalo neno la msichana aliyevunja ungo, anayefundwa ndani, ambaye maisha yake bado hayajaamuliwa na mtu: mwari. Nikaandika "Baraza ya Wari". Chini ya picha nikaandika kwamba walikuwa sita na mmoja yuko London.

Aliyeniagiza kazi hakuridhika. Ameirudisha na wino mwekundu, anataka "nguzo za wanawake", ati ndiyo itakayofahamika na wasomaji, na ameambatisha, kwa kuniunga mkono kama anavyosema, kibwagizo cha shairi langu mwenyewe la mwaka 2004. Nimemjibu kwamba shairi hilo nimelitoa katika diwani ninayoitayarisha, na kwamba neno wari litabaki. Nusu ya ujira wangu naingojea bado.